Mtihani wa Mwisho Tuligawiwa Siku ya Kwanza

Siku ya kwanza kabisa ya Kalkulasi ya Pili, mwalimu aliingia darasani akatugawia mtihani wa mwisho.

Sitanii.

Haukuwa wa mwaka juzi wala wa mazoezi. Mtihani wenyewe! Maswali kumi, na nyuma yake karatasi nyingine yenye majibu yote kumi, yamechapwa vizuri, hatua kwa hatua.

"Baada ya wiki kumi na nne mtakaa humu humu mfanye maswali haya haya," akasema. "Sibadilishi hata namba moja."

Darasa likalipuka. Watu wakapiga meza, wakapeana mikono, jamaa mmoja akapanda juu ya kiti. Mwalimu alikuwa bado anaongea, ila mimi nilimsikia nusu nusu tu.

"...yamefanywa na wanafunzi wenzenu... yasomeni kwa kalamu mkononi, siyo kwa macho..."

Nani alikuwa na habari naye? Tulichokuwa tunakitaka tulishakipata.

Wewe unayeanza kozi hii muhula huu, tulia usome mkasa wangu mpaka mwisho. Yaliyonikuta mimi yasikukute na wewe.

Kwanza nijieleze. Nasomea upimaji wa ardhi. Kozi hii nilikuwa naichukua kwa mara ya pili, kwa sababu mwaka uliotangulia ilinigaragaza vibaya mno. Na chuoni kwetu sheria ni moja: ukifeli kozi ileile mara mbili, unafungasha virago. Hakuna kikao, hakuna barua ya kuomba huruma. Kwa hiyo wenzangu walipokuwa wanashangilia, mimi nilikuwa nalia kabisa. Niliona nimeokoka.

Darasani waliniita Mkongwe, kwa vile nilikuwa nimewatangulia mwaka mzima na bado niko palepale. Nilikuwa nacheka nao, lakini jina lenyewe lilinichoma.

Mwalimu naye alikuwa na jina lake. Tulimwita Kifutio. Yule mzee aliandika ubaoni kwa mkono wa kulia na kufuta kwa wa kushoto, ukichelewa kidogo kunakili umeachwa. Koti lake lilijaa chaki mpaka mabegani.

Tukaunda kamati siku ileile. Tulikuwa sita, mwenyekiti wetu akiwa Spika, rafiki yangu wa karibu, msichana mwenye mdomo unaoweza kumuuzia samaki maji.

"Jamani, huu mwaka ni mteremko," akatangaza. "Maswali kumi, wiki kumi na nne. Tunakariri swali moja kwa wiki, wiki nne za mwisho tunakula raha. Mkongwe, unasemaje?"

"Mimi nitakuwa na kipi cha kusema?" nikamjibu. "Tukariri."

Na nilikuwa fundi wa kukariri, usipime. Kalkulasi ya Kwanza nilivuka kwa mtindo huohuo. Nilikuwa na uwezo wa kukuandikia ukurasa mzima bila kukosea herufi, halafu ukiniuliza mstari wa pili umetokeaje, nakutolea macho.

Basi, nilikuwa naishi kwa shangazi yangu, dada yake baba. Shangazi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ndiyo karakana yake: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na marobota ya kitambaa cha sare za shule yamepangwa mpaka karibu na dari. Mimi nilipewa kona ya ile meza ya kujisomea, kwa sharti moja kwamba nikiona pini nisiikalie.

Wiki ya saba nilikuwa nazunguka pale karakanani asubuhi, kabla hajafungua mlango wa wateja, nakariri swali la saba kwa sauti.

"Hasi pai... jibu ni hasi pai... hasi pai..."

Swali lenyewe, lile swali la saba, lilinisumbua tangu nilipoliona. Kila nikilisoma nilihisi kama tumewahi kukutana mahali. Nikapuuza. Maswali ya hesabu yote yanafanana sura.

Shangazi alikuwa ameshika mkasi, anamsikiliza mteja aliyewahi kabla ya kufungua. Alikuwa ni nesi wa zahanati ya jirani, amekuja na kitambaa cheupe na kikaratasi.

"Vipimo vyangu hivi hapa," nesi akasema. "Fundi wangu wa zamani ndiye aliyenipima. Wewe kata tu, mimi nawahi zamu."

Shangazi akakipokea kile kikaratasi, akakiweka pembeni bila kukisoma, akavuta futi lake shingoni.

"Inua mikono, mama."

"Si nimekwambia vipimo vipo?"

"Vipo. Nani amepima?"

"Fundi wangu!"

"Siyo mimi. Inua mikono."

Nesi alinuna, lakini akainua. Kiunoni zikazidi inchi mbili. Akaanza kucheka mwenyewe, akasema kile kikaratasi ni cha kabla ya uzazi wa mwisho.

Alipoondoka, nikamtania shangazi. "Lakini wewe umezidi. Jana nimekuona unampima tena yule mzee wa makoti, na wewe mwenyewe ulikuwa umeshampima juzi."

"Hata vipimo vyangu mwenyewe vya juzi sivikatii kitambaa," akasema. "Kitambaa kikishakatwa hakiungiki, mwanangu. Na wewe hilo pai unaloliimba tangu alfajiri, nani amepima?"

"Liko kwenye karatasi ya mwalimu."

"Sikukuuliza liko wapi."

Nikajaribu kumkwepa kwa lugha ya kitaalamu, nikamwambia ni eksi mara saini ya eksi, kuanzia sifuri mpaka pai. Nilijua hapo atanyamaza. Hakunyamaza.

"Ndiyo kitu gani hicho? Nichoree."

Akanivutia kipande cha karatasi ya kaki, ile ya kukatia mitindo, na chaki yake ya kupimia. Nikachora mstari wa chini, kisha juu yake ule mchoro: unaanzia sifuri, unapanda polepole, unafika kileleni umeegemea kulia, unashuka mpaka chini tena.

"Kumbe ni kichwa cha mkono wa blauzi," shangazi akasema. "Sasa wanataka nini hapo?"

"Eneo. Ukubwa wa sehemu iliyo kati ya mchoro na mstari wa chini."

"Si ndiyo kazi yangu ya kila siku hiyo. Na hiyo hasi maana yake nini?"

"Pungufu ya sifuri."

Shangazi akaniangalia. Akaiangalia ile karatasi ya kaki. Akaniangalia tena.

"Yaani mkono wa blauzi huu hapa, wote uko juu ya mstari, hakuna hata uzi ulioteremka chini. Halafu kitambaa chake ni pungufu ya sifuri? We mtoto, mnafundishwa na nani huko?"

Jamani.

Nilikaa kwenye kigoda. Nilichukua kalamu, nikaigeuza karatasi ya majibu isinione, nikalifanya swali la saba mwenyewe kuanzia mwanzo kwa mara ya kwanza. Ilinichukua karibu saa nzima. Nilikwama, nikafuta, nikarudi kwenye daftari, nikakwama tena. Mwisho nikapata pai. Pai ya kawaida, isiyo na hasi.

Nikafunua majibu nilinganishe. Hatua ya tatu, saini ukiirudisha nyuma unapata kosaini yenye alama ya kutoa mbele. Kwenye karatasi ya mwalimu alama ile haikuwepo. Ilikuwa imedondoka tu, na kila kilichofuata kikapinda.

Nikawahi chuoni na ule mchoro wa kaki chini ya kwapa. Nikawakuta kamati wote kwenye benchi la nje ya maktaba.

"Jibu la saba siyo sahihi," nikawaambia.

Spika alicheka mpaka akashika mbavu. "Mkongwe! Wewe uliyefeli kozi hii ndiye unamsahihisha Kifutio?"

Wote wakaangua kicheko. Nilijaribu kufungua ule mchoro, upepo ukaukunja, wakacheka zaidi. Niseme ukweli, niliumia sana. Niliumia kwa sababu sikuwa na jibu. Mwalimu amefundisha miaka mingi, mimi nimefeli mara moja, na nikifeli tena ndiyo basi. Mtu mwenye akili timamu angemwamini nani?

Nikajikaza, nikaenda ofisini kwa Kifutio.

Nje ya mlango wake kulikuwa na boksi kubwa la karatasi, limeandikwa kwa kalamu nene: MAJARIBIO YA MWAKA JANA, CHUKUA YAKO. Nikaliruka nikaingia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Haya."

"Mwalimu, swali la saba mimi nimepata pai."

"Karatasi inasemaje?"

"Hasi pai."

Akaendelea kusahihisha madaftari yake bila hata kuinua uso. "Basi una ugomvi na karatasi. Mkishapatana mje mniambie nani alikuwa na haki."

"Lakini mwalimu, lipi ndilo—"

"Ukitoka rudishia mlango."

Nikatoka nimefura. Majibu gani yale? Nikamsimulia shangazi nikitegemea atanihurumia, yeye akasema tu kwamba mzee huyo angefaa kuwa fundi.

Kuanzia hapo tukaweka utaratibu wetu. Kila asubuhi, kabla hajafungua mlango, nusu saa, swali moja. Karatasi ya majibu inafunikwa chini ya pasi. Nafanya kwenye karatasi tupu ya kaki huku nikimweleza kwa sauti, yeye anatia vifungo. Hajui kalkulasi hata chembe. Lakini kila nilipofika mahali nikasema "hapa inakuwa hivi tu", sindano ilisimama.

"Inakuwa hivi kwa nini?"

"Ndivyo ilivyo, shangazi."

"Hapo hujapima. Rudi."

Nikirudi, mara tisa kati ya kumi nakuta kweli sijui. Na kitu kilichonishangaza zaidi, nisichokijua mara nyingi hata hakikuwa kalkulasi. Zilikuwa hesabu za sehemu. Zilikuwa alama za kutoa mbele ya mabano. Yalikuwa mambo ya shule ya msingi na sekondari, niliyoyapita kwa kukariri, yamenisubiri miaka yote hiyo. Kumbe mwaka jana sikuuawa na Kalkulasi ya Pili. Niliuawa na theluthi na robo!

Nikabandika ukutani, pembeni ya kioo cha wateja, karatasi yenye makosa yangu. Kila kosa na tarehe yake. "Nimesahau kutoa mbele ya mabano" lilijitokeza mara kumi na moja. Wateja walikuwa wanaisoma wakidhani ni masharti ya karakana.

Halafu nikajifunza kulikagua jibu. Kalkulasi ya Pili ina neema hii ambayo wengi hawaitumii: ukishapata jibu, unaweza kulirudisha kinyumenyume kwa ile ya Kwanza, na likiwa sahihi litakupeleka kwenye swali ulipotokea. Shangazi alielewa haraka kuliko mimi. Alisema ni kufumua mshono uone kama kipande ni kilekile ulichokata.

Nikayapitia yote kumi namna hiyo. Swali la nne nikalifumua, halikurudi. Nusu ya kuzidishia ilikuwa imesahaulika njiani. Swali la tisa lilikuwa la kujumlisha bila mwisho: moja, nusu, theluthi, robo, na kuendelea. Karatasi ilisema jumla itafika mahali isimame kwa kuwa vipande vinazidi kuwa vidogo. Nikavipanga mafungu mafungu. Theluthi na robo zinapita nusu. Vinne vinavyofuata vinapita nusu. Vinane vinavyofuata, nusu tena. Kila ukienda mbele kuna nusu nyingine inakusubiri, sasa jumla isimame wapi?

Majibu matatu kati ya kumi. Aidha Kifutio amezeeka, au mimi ni kichaa.

Nilirudi kwa kamati mara moja tu, wiki ya kumi na mbili. Spika hakucheka safari hii. Alinishika mkono, akaongea kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kile kicheko.

"Rafiki yangu, wewe huna nafasi ya kujaribu. Sisi tukikosea tunarudia mwakani. Wewe unaondoka. Andika kilichoandikwa, uvuke, mengine baadaye."

Alikuwa anasema kwa kunipenda, na hilo ndilo lililonisumbua njia nzima ya kurudi nyumbani.

Siku ya mtihani ikafika. Kifutio akagawa karatasi. Nikaigeuza.

Maswali yaleyale. Namba zilezile. Nyuma yangu nikasikia mtu anashusha pumzi ya raha, na kalamu zikaanza kukimbia. Kuna watu walimaliza kwa dakika ishirini.

Mimi nilikwenda vizuri hadi swali la saba. Mkono ukasimama wenyewe.

Kichwani nilikuwa na majibu mawili. Moja limechapwa na mashine, limetoka kwa mwalimu, darasa zima linaliandika wakati huo huo. Jingine ni la Mkongwe, aliyefeli. Nilimfikiria shangazi anavyowaambia wateja kwamba binti wa kaka yake atakuwa mpimaji. Nilijiona nabeba begi langu natoka getini.

Nani amepima?

Nikachora kile kichwa cha mkono wa blauzi pembeni ya ukurasa. Kilikuwa juu ya mstari, chote. Nikaandika pai. Swali la nne nikairudisha ile nusu. La tisa nikaandika kwamba haisimami, nikaeleza kwa nini. Nikakusanya karatasi haraka kabla sijajuta, nikatoka.

Matokeo yalibandikwa baada ya wiki mbili. Ubao ulizungukwa na watu wenye nyuso za msibani. Zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wameangukia palepale, nne, saba na tisa, na kwa kuwa hayo ndiyo yalikuwa na alama nyingi, hawakuvuka. Spika alisimama mbele ya jina lake, mdomo wote ule umekauka.

Mimi nilivuka. Nilikuwa wa tatu darasani. Nilisoma jina langu mara nne, kwa kidole.

Watu wakamvamia Kifutio. Uonevu! Katutega! Yeye akasubiri kelele zipungue.

"Siku ya kwanza niliwaambia ni kazi za wanafunzi wenzenu," akasema. "Niliwaambia mzisome kwa kalamu mkononi. Katika watu themanini na sita, aliyekuja kugombana nami ni mmoja."

Kisha akaniita ofisini.

Nikajua napewa hongera. Niliingia nimejaa, kichwa juu, tayari nina maneno machache ya kumwambia kuhusu ule mlango alioniambia nirudishie.

"Mlipatana na karatasi?" akaniuliza.

"Tulipatana, mwalimu. Mimi ndiye niliyekuwa na haki."

"Na aliyekosa haki, unamfahamu?"

"Hapana."

Akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi moja iliyokunjika pembe, akaisukuma kwangu. Lilikuwa jaribio la wiki ya sita, la mwaka jana. Swali moja tu: eksi mara saini ya eksi, kuanzia sifuri mpaka pai. Hatua ya tatu, alama ya kutoa imedondoka. Jibu, hasi pai, limepigiwa mistari miwili chini kwa madaha.

Mwandiko ulikuwa wangu.

Jina juu lilikuwa langu.

Nilihisi masikio yanawaka moto. Mwaka jana alama zetu zilibandikwa ubaoni, mimi nikaziona, nikasonya, sikuja kuchukua karatasi yangu hata siku moja. Ilikaa kwenye lile boksi nililoliruka pale mlangoni, mpaka yeye mwenyewe alipoitoa.

"Maswali yote niliyatoa kwenye majaribio yenu, na makosa yote ni yenu," Kifutio akasema. "Hili lako nililichagua kwa sababu njia yake ilikuwa nzuri kuliko zote. Aliyeifanya alikuwa anafikiri. Hakurudi kuangalia, basi. Alama moja tu, binti. Nikasikitika sana ulipofeli."

Nililia pale pale, mbele ya mzee wa watu. Wiki zote zile nilikuwa namwogopa aliyeandika jibu lile, nikiona ni mkubwa kuliko mimi. Kumbe ni mimi, nimechapwa vizuri tu.

Nilipomsimulia shangazi, alicheka mpaka akasimamisha cherehani. Halafu akanikumbusha kile nilichomtania siku ya nesi.

"Nilikwambia au sikukwambia? Hata vyangu mwenyewe vya juzi."

Spika sasa anakuja karakanani kila asubuhi, anajiandaa kurudia. Shangazi amempa kigoda na karatasi ya kaki, na sindano inasimama kila akijaribu kupitisha maneno. Juzi alikuwa hoi kabisa, akaniambia, "Mkongwe, huyu shangazi yako ni hatari kuliko mtihani." Jina bado ananiita, ila siku hizi halinichomi.

Kwa hiyo wewe unayeanza wiki hii, sikutishi. Kozi inapitika. Funika majibu, fanya kwa mkono wako, mweleze mtu asiyejua, ukishapata jibu lifumue uone kama linarudi. Na kabla hujafanya lolote kati ya hayo, nenda kwa mwalimu wako ukachukue karatasi zako za zamani. Nenda leo. Huenda ziko mlangoni kwake, kwenye boksi unaloliruka.